Sentensi ya Mama Usumani

Naandika haya kwa sababu nimeamriwa. Mama Usumani alisema watu elfu sita waliosoma uongo wangu wasome na ukweli, na mimi sina mdomo wa kumkatalia. Mkiona nasitasita, mjue si ufundi wa kusimulia. Ni aibu.

Naitwa Mugeni. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari huku Remera, na nakaa Batsinda, kwenye zile nyumba zilizofanana hadi mgeni hugonga kwa jirani. Nilizaliwa na kukulia Mwanza, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Tuliporudi Rwanda nilikuwa na miaka kumi na mitatu na Kiswahili kilichonyooka. Kigali nikakuta kila kitu ni "iko": mtu iko, chakula iko, Mungu iko. Wenzangu darasani walinicheka niliposema "yupo" na "kipo". Badala ya kucheka nao niliweka kinyongo, na nilipokua nikakifanya kazi.

Nikawa mtu wa kusahihisha wengine. Kwenye vibanda vya chakula vya Gisimenti nilitoa kalamu nikarekebisha orodha ya vyakula ukutani, huku mhudumu amesimama na sahani yangu mkononi. Shemeji yangu aliposimama kuhutubia harusi ya mdogo wangu, nilimrekebisha mara tatu mbele ya watu mia mbili, akakaa chini kabla hajamaliza. Nilidhani nimemsaidia. Mpaka leo hajala nyumbani kwangu.

Aliyenipa silaha kubwa zaidi ni Aimable, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anatengeneza programu za simu. Amepanga chumba juu ya mahali pa mishikaki pale Gisimenti, na kompyuta zake zote zinanuka moshi wa mbuzi.

"Mwarimu," akaniambia siku moja, "wewe moja utasahihisha watu wangapi? Tufanye simu isahihishe."

Tukaianza Neno Sawa. Ukiandika, neno lenye kosa linapigwa mstari mwekundu. Ukiligusa neno lolote unapata maana yake, na chini ya maana, sentensi moja ya mfano. Ni bure, haina matangazo, na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Hilo la bando ndilo tulilojivunia kuliko yote, maana wanafunzi wangu wengi wananunua bando la siku moja na kulimaliza kwa picha.

Maana za maneno ziliniwia rahisi. Sentensi ndizo zilizonishinda. Za kwenye vitabu zina wenyewe, hatukutaka kuiba. Nikatunga zangu: Mwalimu anaandika ubaoni. Mtoto anakula chakula. Aimable alizisoma akapiga miayo waziwazi, na mimi niliyemfundisha adabu nimekaa palepale. Zilikuwa sahihi na zimekufa.

Ndipo zipu ya sketi yangu ilipoharibika nikaipeleka Biryogo, kwa fundi mmoja niliyeelekezwa. Mama mnene, mtandio wa kijani, pini nne mdomoni. Aliigeuza ile sketi, akatoa pini moja moja ili apate kusema.

"Zipu imekufa," akasema, "lakini sketi bado inataka kuishi."

Nilisahau zipu. Nikamuuliza jina lake. Alizaliwa Swafiya, ila jina hilo hakuna anayelitumia. Biryogo nzima inamwita Mama Usumani, kwa jina la mwanawe wa pekee. Babu wa babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka pwani akaoa huku, na ukoo ukabaki na Uislamu, cherehani na Kiswahili. Kiswahili chenyewe kimekaa Kigali miaka mingi, kwa hiyo nacho kimejaa "iko". Lakini kila alichosema kilikuwa na damu ndani yake. Nikamwomba nije Jumamosi, nimuulize maneno.

"Maneno? Si watu wanasema tu?" akacheka. "Haya, njoo. Utanipa kampani."

Nilikwenda Jumamosi za mwaka mzima na nusu. Nilikaa kwenye stuli kati ya cherehani na kabati la kioo, simu ikirekodi, chai ya tangawizi ikiletwa na mwanamke wa jirani. Nilikuwa namtajia neno, naye ananipa mtu. Nikisema "subira", anasema, "Mume wangu alinisubiri miaka tisa nizae, na hakuoa mwingine." Nikisema "ziba", ananihadithia bibi harusi aliyechana gauni mlangoni mwa msikiti. Nyumbani nilizisikiliza tena na kuzinyoosha. Yeye alisema "kitambaa hii", mimi niliandika "kitambaa hiki". Alisema "mtu iko nje", nikaandika "mtu yupo nje". Sikumwambia kwamba namnyoosha. Niliona ni kama kumfuta mtu vumbi begani.

Ndani ya lile kabati, rafu ya juu, kulikuwa na kitenge cha rangi ya kahawia chenye kuku wa njano. Kilikuwa kimekatwa tayari: mbele, nyuma, mikono miwili, vimekunjwa pamoja na kufungwa kwa uzi. Nilimuuliza ni cha nani.

"Ya mteja. Hajarudi."

Mafundi wa kweli wa Biryogo hawatupi kitambaa cha mtu wala hawakiuzi. Mteja akikawia mwaka, kitambaa kinamsubiri mwaka. Hicho cha kuku kilikuwa kimesubiri hadi mtaa mzima umekifanya utani. Mtu akichelewa kufuata nguo yake, wanamwambia, "Utakuwa kama mwenye kuku." Hata watoto waliokuwa hawajazaliwa kilipokatwa walikuwa wanausema utani huo.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua ilinyesha kwa hasira na hakuna mteja aliyekuja. Nikamwuliza neno "ahadi". Mama Usumani akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Zima hiyo simu," akasema.

Nikaizima, akanieleza. Mumewe aliwahi kwenda Mombasa kufanya kazi kwa kaka yake mwaka mzima, akamwacha na mimba changa, ya kwanza baada ya miaka tisa ya kuitwa tasa. Mimba ikatoka. Hakumwambia mtu. Akafunga duka, akaenda kwa shangazi yake Rwamagana, akawa anashona barazani ili asiwe wazimu. Asubuhi moja akaja msichana na kitenge cha kuku na kichanga. Akapimwa, kitambaa kikakatwa mbele yake. Wakakubaliana gauni liwe na vifungo sita mbele, ili aweze kunyonyesha.

"Akasema, mama nishikie mtoto, naenda kununua vifungo. Sokoni ni hapo tu, unapaona. Nikamshika. Mwalimu, kitovu yake ilikuwa haijakauka." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa meza. "Aniachia mtoto. Alinitazama vizuri, akaniachia. Nilirudi Biryogo na Usumani mgongoni, watu wakapiga vigelegele. Ningesema nini?"

Mumewe alirudi akamkuta mwanawe anatambaa, na alikufa miaka minane baadaye akijua ana mtoto wa damu. Usumani mwenyewe hajui kitu, akasema. Atamwambia yeye, kwa mdomo wake. Siku atakapooa atamshonea kanzu, na atamwambia akiwa ameivaa, kabla hawajatoka nyumbani.

"Siku hiyo naitafuta tangu yuko mdogo hivi," akasema. "Hii si ya kamusi, mwalimu. Ni yako na yangu na ya Mungu."

"Haitatoka," nikasema. Nilikuwa nimemshika mkono. Vidole vyake vilikuwa na alama ndogondogo za sindano, na nilivibana wakati nasema hivyo.

Mwezi wa saba tukabakiwa na maneno arobaini. Aimable alikuwa ameshatangaza tarehe. Neno mojawapo lilikuwa "telekeza". Nilijaribu: Serikali haitawatelekeza wananchi wake. Aimable akasema hiyo iko kwenye redio kila siku. Nikajaribu nyingine nne, zote ubao na chaki. Kisha nikakaa kitandani kwangu Batsinda, mchana kweupe, kichwa changu kizima bila ugonjwa wala pombe, nikaandika:

Alimtelekeza mtoto kwa fundi pamoja na kitenge cha kuku, akasema anakwenda kununua vifungo.

Niliisoma kwa sauti, nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Nilijiambia haina jina, na sentensi isiyo na jina si ya mtu. Mtaniuliza kwa nini basi sikuondoa kuku. Nimejiuliza hivyo mara nyingi, na jibu ni moja tu: sentensi ilikuwa nzuri zaidi ikiwa na kuku.

Aimable alipoisoma hakupiga miayo. "Mwarimu, hii iko ya kwanza kabisa kwa zote," akasema. Nikameza sifa hiyo kama yangu.

Tuliitoa Neno Sawa mwezi wa nane. Ukurasa wa mwisho tuliweka shukrani: kwa Mama Usumani, fundi cherehani wa Biryogo. Nilitaka kumpa heshima. Nilikwenda kumsomea, akajifunika uso kwa mtandio akicheka, maana yeye anasoma herufi za Kiarabu vizuri lakini hizi zetu kwa shida, na simu yake ni ya vitufe.

Aliyefurahi kupita kiasi ni Usumani. Ana miaka ishirini na mitatu, ni fundi wa simu, ana meza yake ya kioo hatua chache kutoka duka la mama yake. Kila simu iliyoletwa kubadilishwa kioo ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na Neno Sawa ndani. "Mama yangu iko humu," alikuwa anawaambia, na kuwafungulia ukurasa wa mwisho. Wafanyabiashara wanaoagiza mali Dar es Salaam, wasichana wa mapokezi katika hoteli za Kimihurura, waswalihina wa msikitini, wote aliwawekea. Kama kuna mtu mmoja aliyeisambaza kazi yetu jijini hadi ikafika simu elfu sita, ni yeye.

Kila siku saa moja asubuhi programu inatoa neno la siku, na sentensi yake, kwenye simu zote. Kuchagua kulikuwa kazi ya Aimable. Mimi sikuwahi hata kuuliza anachagua vipi.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa nilikuwa chumba cha walimu, nasubiri kengele. Kanyange, anayefundisha jiografia, alitoa simu yake akaanza kusoma kwa sauti ya madaha. "Telekeza. Acha mtu au kitu bila kukijali. Alimtelekeza mtoto kwa fundi pamoja na kitenge cha kuku..." Akasita. "Jamani, hii inaumiza. Mugeni, hizi unazitoa wapi?"

Nikatoka nje nikampigia Aimable, nikamwambia aifute sasa hivi.

"Kufuta naweza huku kwetu," akasema, "lakini kwenye simu za watu imeshaingia. Si unakumbuka, haitaki bando? Sisi ndio tulitaka ikae mule mule." Kisha akauliza, "Kwani iko kosa gani, mwarimu? Nimeangalia, haina kosa."

Nikakata simu. Nilimwomba Kanyange anishikie kipindi, nikachukua pikipiki hadi Biryogo. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kuungama, na wakati huohuo nilikuwa nimeshatafuta kisingizio. Nilishuka kwenye soko la Nyarugenge nikanunua sketi ya mtumba, ndefu kupita kimo changu. Kama Mama Usumani hajui kitu, basi nimekuja kupunguziwa pindo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na nimeahidi kusema yote.

Hakujua kitu. Alinipokea kwa furaha, akanisimamisha juu ya stuli, akapiga magoti na pini zake mdomoni akaanza kupima pindo. Nilisimama pale juu yake kama bibi harusi, nikitazama mtandio wake.

Mukankusi, yule jirani anayeuza chai, akapita mlangoni. Alisimama. Akatazama kabati, rafu ya juu. Akamtazama Mama Usumani, akaenda zake bila salamu.

"Leo watu wana nini?" Mama Usumani akasema, sauti ikipita katikati ya pini. "Huyo ni mtu wa nne anachungulia kabati. Na wewe mbona unatetemeka? Nitakuchoma."

Nikashuka kwenye stuli. Nikasema, "Mama Usumani, nimekukosea." Nikamweleza nikiwa nimesimama na sketi yenye pini upande mmoja. Nilisema haraka, kichwa chini, na nilipomaliza nilikuwa bado sijamwangalia.

Hakupiga kelele. Alitoa pini mdomoni, moja, mbili, tatu, akazichomeka kwenye kijaluba chake cha sponji. Ya nne ikamwanguka, akaiacha sakafuni.

"Nisomee," akasema.

"Mama..."

"Nisomee kama ulivyoandika. Usikate."

Nikatoa simu nikamsomea. Sauti yangu, ile inayosahihisha watu harusini, ilitoka nusunusu.

"Hiyo ya kwanza umesema nini? Ali...?"

"Alimtelekeza."

"Maana yake?"

Alijua maana yake. Anakijua Kiswahili kuliko mimi. Alitaka niseme mimi. "Kumwacha mtu bila kumjali," nikasema.

"Nani alisema hivyo?"

Nikazima kioo cha simu.

"Mimi sikusema hivyo, Mugeni." Hakuwahi kuniita jina, siku zote nilikuwa mwalimu. "Nilisema aniachia. Aniachia mimi. Aliangalia baraza yote, tuko wanawake watatu, akaniletea mimi. Miaka ishirini na tatu ninalo hilo neno moja nimpe mwanangu, kwamba hakutupwa, aliachiwa mtu. Wewe umechukua siku yangu, haya. Na neno langu pia umechukua, ukaweka yako?"

Nilitaka kusema kwamba nilihitaji mfano wa herufi T. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, hakuna jingine. Namshukuru Mungu sikulitoa.

Pazia la mlango likasogea, akaingia Usumani.

Alikuwa na simu mkononi, si yake, ya mteja, kioo kimepasuka. Nadhani alikuwa ameitengeneza nusu ilipolia saa moja, na tangu saa moja hakuwa ameiweka chini. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua mlango wa kioo, akasimama mbele ya kile kitenge bila kukigusa. Utani wa mwenye kuku aliusema yeye mwenyewe mara ngapi katika maisha yake, sijui.

Mama Usumani alikuwa amesimama na futi shingoni. Yule mwanamke aliyekuwa na sentensi kwa kila neno nililomletea alikosa hata moja, na ni mimi niliyemmalizia.

Kisha akaninyooshea kidole. "Mwambie," akasema. "Neno lipi ni yako. Mwambie wewe."

Usumani akageuka. Macho yalikuwa makavu na mekundu.

"Mama yako alisema aniachia," nikasema. "Alisema huyo msichana aliangalia wanawake wote barazani akakuleta kwake. Alisema alimtazama vizuri kabla ya kukuacha. Hilo la kutelekeza nimeliweka mimi. Nilikuwa nimekosa mfano. Na nilikuwa nimeahidi kwamba haitatoka. Alitaka kukwambia mwenyewe siku utakayooa, ukiwa umevaa kanzu atakayokushonea. Yeye hana kosa."

Nilifikiri atanitukana, na nilitaka anitukane. Ningepata pa kushika.

"Mwalimu," akasema polepole, "toka nje kidogo. Nataka kuongea na mama."

Nikatoka. Sikuwa na mahali pa kwenda, kwa hiyo nikasimama ukutani, sketi yenye pini mwilini, watu wa Biryogo wakipita na kunitazama. Wengine walikuwa wananifahamu. Pazia halizuii sauti. Mlango wa kabati ukafungwa. Usumani akauliza kitu, sikukishika, na Mama Usumani akamjibu kwa sentensi moja fupi, akatulia.

Niliisikia yote. Na kabla sijahisi uchungu wala huruma, kabla sijafurahi kwamba anaongea, nilijikuta natafuta ingekaa chini ya neno gani. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba, umeshika kalamu.

Sijawahi kujiona vile. Nikautoa mkono, nikaenda zangu haraka, pini zikinichoma paja mpaka stendi. Nilizistahili.

Siku ya tano Usumani alinisubiri kwenye geti la shule. Wanafunzi walikuwa wanatoka, na nilimwona kutoka mbali kwa sababu ya shati lake. Lilikuwa la kahawia, lenye kuku wa njano. Mikono ilikuwa mifupi na mgongoni kulikuwa na kiraka cha kitambaa kingine, maana kitenge kilikatwa kwa kimo cha msichana mdogo. Mbele lilikuwa na vifungo sita. Nilivihesabu, nikashindwa kuinua macho yangu juu ya kifungo cha kwanza.

"Mama amesema hivi," akasema, bila salamu. "Hao watu elfu sita uwaambie ukweli, kwa jina lake na langu, usifiche. Mtaa wote umeshajua, sasa wajue vizuri. Na zile sentensi za mama zote uzirudishe kama alisema. Mukankusi alimsomea mama. Amesema huyo anayeongea mule si yeye."

"Nitazirudisha."

"Na sketi yako ya pindo, ukileta atashona. Mama amesema mteja ni mteja."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Sikuona msamaha, na sikuuomba. Alisema "mama" mara nne katika maneno yale machache. Hilo nililihesabu pia. Akapanda pikipiki akaondoka.

Nimezirudisha, mia tatu na kumi na mbili. Kitambaa hii, mtu iko nje, kitovu yake. Aimable ameizima mistari myekundu chini yake, ilibidi atumie siku mbili. "Telekeza" haina mfano sasa. Watu wameandika kuuliza kwa nini, nami nawaelekeza kwenye ukurasa huu. Chini ya "achia" mtakuta sentensi ya Mama Usumani kama alivyoisema siku ile ya mvua, na kitenge chake cha kuku. Sketi sijaipeleka. Imetundikwa mlangoni kwangu na pini zake, na kila asubuhi najiambia Jumamosi.

Imebaki ile moja niliyoisikia nyuma ya pazia. Ni fupi, na ni nzuri kuliko zote nilizokusanya kwa mwaka na nusu. Aimable ameniuliza mara mbili kilichosemwa mle ndani, nikamwambia sikusikia. Niliisikia, na naikumbuka neno kwa neno. Sitaiandika.